Usinunue Ile Nyekundu

Ndirangu, mume wangu,

Hiyo kazi yako ya kutengeneza friji za mahoteli huko Kilifi, kwani ilikuja na minyororo? Krismasi tulikungoja. Pasaka tukakungoja tena, mama yako akatoka kwake mtaani Kahawa Sukari na chapati za ukoo mzima, tukazila sisi wawili tukiangaliana. Halafu unanipigia simu jioni, nimeshika chuchu ya ng'ombe, unaniuliza mimi nyanya yako, "Sasa shosh, kati ya hizi mbili nichukue gani?" Mtu aliyepotea hivyo haanzi na swali. Anaanza na pole.

Nimemwomba Mama Shiru wa duka aniandikie, kwa sababu mimi shule niliipita tu nikienda kuchuma kahawa, na simu yako hukatika kila nikifika kwa neno la maana. Nimemwambia aandike vile ninasema, asirembeshe. Akimaliza ataipiga picha aiweke kwa grupu ya familia, wote waisome. Binamu zako nao ugonjwa wao ni huo huo wa kupotea.

Sasa, hizo picha zako. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haijui picha, kwa hivyo nilizitazama kwa ya Mama Shiru, tumeegemea gunia la mchele. Mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja. Unaiita kayaki. Unataka kuvulia samaki wa hapo karibu na ufuo, kila Jumapili, siku ambayo mimi nilikulea ukienda kanisani, lakini hilo tuliache.

Mimi nilipenda nyekundu mara moja. Ni ndefu, ni nyembamba, na mtu anaingiza miguu ndani mpaka kiunoni kama amejifunika blanketi. Nikasema, huyu hatapigwa na baridi. Ile ya manjano ni pana kama meza ya kuanikia kahawa, mtu anakaa juu tu, miguu wazi. Tena nikaona matundu.

"Mama Shiru, hii wameitoboa."

"Shosho, ameandika hapa. Ni ya kutoa maji yakiingia."

"Na nani ameyaambia maji yatoke tu, yasiingie?"

Alicheka mpaka akakosea kumpimia mteja sukari. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekuchagulia nyekundu.

Nikakaa jikoni. Nyumba siku hizi inanyamaza, Ndirangu. Pande zote wamejenga maghorofa ya kupangisha, watu wamejaa, lakini hakuna hata mmoja anayeingia akiuliza kumepikwa nini. Nikawa nakuwaza ndani ya ile nyekundu, umekaa vizuri, miguu imefunikwa. Nikakumbuka hori ya nguruwe.

Usijifanye umesahau. Tulikuwa na pipa la bluu ambalo babu yako alilipasua katikati, nusu ikawa hori. Wewe ukaikokota mpaka kwenye lile timbo la Kalimoni, pale walipochimba mawe wakagonga maji wakayaacha yajae. Mimi nilikuwa nakata nyasi ukingoni. Nikakuona katikati ya maji, umejibana ndani ya hori kama mkate kwenye kopo, unapiga kasia na kifuniko cha sufuria, na kamba ya ndoano umeishika na meno.

"Ndirangu, toka huko."

"Ngoja shosh, kuna mmoja anavuta."

Alivuta kweli. Hori ikapinduka. Kichwa chako kilitokea mara moja, ukasema, "Mguu umeshikwa," kisha kikazama. Mimi sijui kuogelea hata leo. Niliingia na marinda yangu mpaka kifuani, nikakunyooshea ule mti mrefu niliokuwa nimekata wa kufungia nyasi, nikapapasa nao majini mpaka nikausikia umekuwa mzito. Nikavuta. Ulitoka na hori imekung'ang'ania mguu mmoja, na kambare bado yuko kwa kamba. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Usiambie mum."

Sikumwambia. Nilikuchapa, nikakukumbatia, nikakuchapa tena. Na wewe unajua kwetu samaki hakuliwa. Mama yangu alimwita nyoka wa maji, na sisi tulikua tukiamini sufuria iliyopika samaki haipiki chakula cha watu tena. Lakini siku hiyo nilikununulia sufuria yako, nikaiweka nyuma ya nyumba, nikakuambia kambare wako utampika huko huko. Ulimkaanga ukiimba. Nilikaa upande ambao upepo hauleti harufu, nikakutazama ukila, na sijawahi kuona chakula kikinishibisha bila kukionja isipokuwa hicho.

Basi nisikilize. Chombo kinachokumbatia miguu ya mtu sikitaki. Chukua ile ya manjano. Ni pana, haina haraka, na ikikumwaga unamwagika wote, hakuna kinachobaki kimeshikwa. Mama Shiru anasema umeandika kwamba nyekundu inakwenda kasi. Unakimbizana na nani huko? Samaki wako hawana mahali pengine pa kwenda.

Na usiinunue kwa picha. Hata ng'ombe hatununui bila kumtembeza. Nenda nayo mahali maji yanakufika kiunoni, kaa juu yake, ujiangushe kwa makusudi, kisha ujaribu kupanda tena peke yako. Ukishindwa, muachie mwenyewe duka lake. Uibebe pia, wewe mwenyewe, uone kama unaiweza ukiwa umechoka. Lile jaketi la kuelea ulivae, usilikalie. Na siku upepo unatoka nchi kavu kwenda huko ndani baharini, ulale.

Ungeniuliza ninayoipenda kabisa, ningesema hakuna. Ningesema rudi hapa, friji ziko hata Ruiru, ziko Thika, zinaharibika vizuri tu. Lakini nilikusikia kwenye simu. Ulikuwa unacheka ukielezea maji yalivyo asubuhi, na wewe tangu tumzike baba yako hukuwa unacheka hivyo. Siwezi kukuomba uiache sauti hiyo huko. Ninaweza tu kukuchagulia chombo.

Nilipokupokea hospitalini ulikuwa mzaliwa wa kwanza wa mwanangu, kwa hivyo, kwa desturi yetu, jina lilikuwa limeshajulikana, la babu yako. Tangu hapo nakuita mume wangu, na watu wa nje wakisikia wanacheka. Mimi sichezi. Ndirangu wa kwanza nilimzika kando ya mparachichi, ninamwona nikifagia, ninamsalimia, ninamwambia bei ya maziwa. Wewe bahari ikikuchukua, nitakufagilia wapi? Mimi bahari hata siijui iko upande gani wa nyumba.

Mama Shiru ameacha kuandika anapangusa macho. Nimemwambia aendelee, karatasi haijaisha.

Kula vizuri. Usinijibu kwa vile vikatuni vya kulia na kucheka, mimi sioni. Na usinipigie kuniambia umechukua gani. Hiyo nataka nikuangalie usoni ukiniambia, kwa sababu kwenye simu unanidanganya na mimi ninajua. Ukikuja, shuka matatu stejini utembee taratibu majirani wakuone. Ukifika vua viatu, uviingize mpaka chini ya kitanda. Usiviache mlangoni kama mtu aliyepitia tu.

Ni mimi, mke wako mzee,
Shosho