Hadithi za Mchana

Mama yako kapewa ukuu wa skuli, Rukia! Mwanangu mie, wa tumbo hili! Haya, sasa nipe shikamoo yangu. Marahaba. Sote huku wazima.

Umeniuliza ufanyeje na wanafunzi wako wasiotaka kutunga hadithi. Baada ya Mapinduzi, nlipoanza kusomesha Kiembe Samaki na elimu yangu ya darasa la nane tu, mkaguzi alitaka kuona hadithi walizotunga watoto, ama nirudi nyumbani. Watoto wakagoma.

"Hadithi mchana, Bi Mwalimu? Tutaota mikia!"

Ndivyo bibi zao walivyowaonya. Nami kurudi nyumbani sirudi! Nikafunga madirisha yote, giza likaingia.

"Haya, usiku huo. Paukwa!"

"Pakawa!"

Wakasimulia, tukacheka. Kisha nikafungua madirisha. "Kumekucha. Andikeni ya usiku."

Kalamu zilikimbia! Mkaguzi alisoma mpaka chai yake ikapoa. Mama yako kichwa kakitoa kwangu, wala sioni haya kusema.

Kwenye karamu yake uje na hadithi yako, madirisha nitayafunga mwenyewe. Tunakungojeeni nyote Ijumaa ya mwanzo ya Shaabani, baada ya sala.

Bibi yako