Bushi Mpya kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Inatangazwa kwa heshima na taadhima: leo alasiri, baada ya dua nyingi na matusi machache, tairi la mbele la kushoto limekubali kutoka. Shahidi pekee alikuwa mke wangu. Akauliza kama chai naitaka sasa au baada ya hotuba.

Pikapu inagonga mbele. Ko, ko, ko – kila shimo. Bushi, ile mipira ya kupunguza mtikisiko, zimekwisha; boljointi za kuungia magurudumu zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi ningevumilia. Lakini mama mkwe mara ya mwisho alishuka ameshika kiuno, akasema hapandi tena. Mwaka mzima hajatutembelea. Mke wangu hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Sasa amembembeleza mama yake: Jumamosi nimfuate, ajaribu mara moja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Bushi za zamani zimetoka vipande vipande, mpira mkavu kama mkate wa wiki iliyopita. Jirani yetu Grisi, fundi magari mstaafu, aliegemea geti akaniangalia nikihangaika. Akanionya: boliti za bushi usizimalize kukaza gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Nikamwambia najua. Akasema basi vizuri kama unajua.

Ijumaa, 7 Machi

Imekwisha! Mvua ilikuwa inanyemelea, kwa hiyo sikuremba – kaza, funga tairi, shusha. Pua imenyanyuka, gari limesimama kama bwana harusi. Mke wangu akapiga makofi mara mbili. La pili lilikuwa la mbu, lakini nimelihesabu.

Jumamosi, 8 Machi

Haigongi. Inalia. Kila tuta, kiiii, kama mlango wa stoo, na ngumu utadhani tumekalia mbao. Nikasema ni barabara. Mama mkwe, niliyemfuata asubuhi, ana adabu zake; akakubali ni barabara, hata tulipofika kwenye lami mpya.

Jioni akamwambia binti yake kwa upole kwamba kesho atarudi kwa basi la asubuhi, na siku nyingine sisi ndio tumfuate kwake. Mke wangu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Ukweli ni huu. Boliti zote nilizikaza gari likiwa kwenye jeki. Kusahau? Hapana. Nilikuwa na haraka ya kupigiwa makofi. Mpira ukifungwa hivyo, gari likishuka unasokotwa, ndiyo maana unalia. Nimemweleza mama mkwe leo asubuhi, macho chini. Barabara haina kosa lolote.

Dawa yake ni kulegeza na kukaza upya, matairi yakiwa chini na mtu yuko kitini. Mke wangu akasema yeye mwepesi mno. Mtu anaanzaje kumwambia mama mkwe wake kwamba uzito wake unahitajika?

Mama akaweka kikombe chini. "Baba, sema tu. Nikae upande gani?"

Sasa yuko kiti cha mbele, mkoba wa safari mapajani. Boliti moja bado, imegoma, nimeingia ndani kutafuta bomba la kurefushia spana. Basi lake limepita hapo nje sasa hivi. Nikachungulia dirishani kumwambia. Akasema amelisikia – na je, hiyo boliti inakazwa kwa mdomo?