Aliyemwangalia Bi Mize

Gando, Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri. Karafuu zimeanikwa na kuanuliwa mara mbili, na majirani wamechoka kutazama juu.

Saa nne Raya, jirani yangu, alikuja na fomu ya kazi. Mgeni mmoja anayeishi Wete anamtafutia mamake mzee mtu wa kushinda naye. Fomu ni ya Kiingereza, na mwisho wa kuipeleka ni kesho. Raya anaihitaji kazi hii. Mumewe yuko Bara, habari zake zimekatika, na watoto ni watatu.

Swali la tatu lilimtaka ataje watu aliowahi ku-"look after".

Alikuwa ameandika: hakuna.

Nikamweleza kuwa maneno hayo huenda pamoja. "Look" peke yake ni kutazama. Ikifuatwa na "after" ni kumtunza mtu: kuhakikisha amekula, ameoga, hajadhurika. Husemwa kwa mtoto, kwa mgonjwa, hata kwa nyumba ya jirani aliyesafiri.

"Kumbe ndiyo kuangalia," akasema. "Kama tunavyosema, nani anamwangalia mzee."

"Ndiyo hiyo. Haya, wewe umemwangalia nani?"

Mtaa mzima unajua. Bi Mize, mama mkwe wake, alilala kitandani miaka sita hadi alipofariki, na aliyemgeuza, akamlisha na kumwogesha ni Raya.

"Hilo siandiki, Bi Zuwena. Yule mamangu. Nikijisifia nalo, thawabu zangu ntakuwa nimezila papa hapa duniani."

"Na watoto watakula nini?"

"Mungu hakosi mlango."

Miaka yote ya kazi yangu ya uhariri gazetini nimewashawishi watu waseme habari zao wenyewe. Huyu alinishinda, na nakiri kwamba kwa muda nilimkasirikia.

Kisha nikamuuliza: "Na mie nikiandika niliyoyaona?"

Akafikiri. "Hayo yako."

Nikaandika barua ya kuambatanisha na fomu. Niliyoyaona tu, si niliyosikia. Nilimwona akimbeba Bi Mize hadi barazani asubuhi. Nilimwona akimlisha uji kwa kijiko, bila haraka. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha maiti: baada ya miaka sita ya kulala, mgongo haukuwa na kidonda hata kimoja. Nikamalizia kwamba alimwangalia vizuri.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Nilipofika penye habari ya mgongo alitazama pembeni. Mwishoni akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Hilo vizuri lifute."

"Kwa nini? Ni kweli."

"Mwenye kulijua ni yeye Bi Mize, na hukumuuliza."

Nimelifuta. Mwandishi kijana angeniletea sentensi ile, ningeifuta mwenyewe bila kusita.

Kesho asubuhi nampeleka Wete. Sijui kama watamchukua. Wapo waombaji wenye vyeti. Wakitaka kujua kama alifanya vizuri, nitawaomba warudie kusoma mstari wa mgongo.