Kifuniko cha Bluu

4 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini wewe na Mama Mdogo hamjambo, na mguu wako umetulia. Mimi mzima, ila kazi za maabara zinanimaliza.

Nakutumia ile mbolea niliyokueleza. Ni chembe za zinki ndogo mno, hazionekani kwa macho, zinaitwa nano. Ukizinyunyiza kwenye majani, mahindi yanavumilia ukame. Dumu la kifuniko chekundu ni la shamba la juu, la bluu ni la shamba la chini. Unachanganya na maji, unanyunyiza kila Jumatatu. Madumu usiyabadilishe, na mavuno ya kila shamba uyapime peke yake.

Mwanao


22 Mei

Marahaba mwanangu,

Tu wazima, mguu unauma kama kawaida yake.

Mvua imekata, hii wiki ya sita. Shamba la juu ni kijani, wapita njia wanasimama kulitazama. La chini limekauka lote, ukishika jani linavunjika mkononi. Na la chini mwaka huu nilimpa Mama Mdogo alime. Kila Jumatatu anabeba bomba mgongoni, anamwambia kila anayepita kwamba mtoto wake wa maabara amemkumbuka. Sasa nijibu, na usinizungushe kwa maneno ya shule: dumu la bluu mlitia nini?

Mama yako


30 Mei

Shikamoo mama,

Sijui nianzie wapi. Ni maji, mama. Maji yaliyotiwa rangi. Majaribio ndivyo yanavyofanywa: shamba moja lipate dawa, jingine lisipate, na mkulima asijue lipi ni lipi, maana akijua atalipendelea moja. Nilidhani yote mawili unalima wewe. Nisamehe. Ila nakuomba, pima mavuno kama nilivyosema. Yasipopimwa hatuwezi kuthibitisha kitu, na miaka yangu mitatu hapa imekwenda bure.

Mwanao


12 Agosti

Shikamoo yako nimeipata. Nitaiitikia siku nikikuona.

Hasira zangu bado hazijaisha. Eti ulidhani nalima mimi! Kwa hiyo wa kupewa maji ni mama yako? Na yule alikubeba mgongoni mwaka mzima nilipolazwa hospitali. Asante ya punda mateke, kweli.

Dawa yenu nzuri, sikatai. Shamba la juu tumevuna wawili, tumeweka ghala moja, tutakula wote. Hakuna kilichopimwa. Wakubwa zako waambie wakajaribie kwa mama zao.

Mama Mdogo sijamwambia. Anaamini alikosea kuchanganya, kwamba uzee wake ndio ulioharibu dawa. Jana alikuja akakaa hapa mlangoni, hata chai hakunywa, akanituma nikuombe umsamehe kwa kukuharibia kazi. "Mwambie mwanangu asinichukie," akasema.

Jibu lake usiniandikie mimi. Njoo umwambie mwenyewe, umtazame usoni.

Mama yako