Chaki Kwenye Kitabu Chako

Kaka yangu,

Huku tu wazima, na cherehani ya Baba imepata mkanda mpya. Mwezi uliopita aliniomba nimchagulie kitabu cha kujifunzia lugha ya kompyuta, ile ile iliyomfanya akufukuze nyumbani ulipoipenda kuliko cherehani. Nilimletea kipya chenye picha. Akasema ni cha watoto. Nikamwekea masomo ya video kwenye simu. Eti mwalimu anaongea kama anakimbizwa. Mwishowe akachukua chako cha zamani, chenye maandishi yako ya penseli pembeni, na anatia alama kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa. Sasa amekwama kwenye zoezi la ukurasa wa arobaini. Nilipotaka kumsaidia alikuja juu: "Hebu niache! Namngoja mwenye kitabu."

Mdogo wako, ambaye hakutumwa kukwambia haya.