Koo Langu na Fundi Uliyemrudisha

Mpendwa mama mkwe,

Kesho asubuhi napanda lori la mpunga kwenda Sibwesa, kwa binti yako Nyamizi. Nikifika nitasema jambo ambalo mimi na wewe tulikubaliana lisisemwe. Nimeona nikuandikie wewe kwanza. Na naiandika barua hii wazi, mtu yeyote wa ukoo aisome, asije mtu akasema mke wa Masanja alikwenda kumsengenya marehemu kichinichini.

Jambo lenyewe ni koo langu. Mjukuu wako Kabula anaumwa mafindofindo, ugonjwa ule ule ulionitesa mimi. Shingo imevimba, chakula hakipiti. Nyamizi ametuma ujumbe kwa dereva wa lori kwamba Jumamosi fundi wa makoo anakuja kumkwangua, na kwamba tusiwe na wasiwasi, "maana hata wifi alikwanguliwa na fundi wa mama, na mpaka leo anafundisha." Mama, mimi na wewe tunajua kwamba sikukwanguliwa. Tuliokuwa tunajua tulikuwa watatu. Mzee fundi alitangulia, wewe ukamfuata, nimebaki mimi.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka ule. Kila mwezi homa, kila mwezi koo limejaa, nimelala kitandani pale nyumbani kwako Kasokola nawasikia wanafunzi wangu ng'ambo ya barabara wakipiga kelele bila mwalimu. Darasa la kwanza hulifundishi kwa ubao peke yake. Watoto hawajajua kusoma, kwa hiyo unachowapa ni sauti yako tu, na mimi sauti ilikuwa inaniacha. Wazazi walianza kunung'unika. Mwalimu mkuu, kwa upole wake wote, alianza kuniuliza kama nisingependelea kukaa stoo nigawe chaki. Niliposikia hivyo nilirudi nyumbani nikamwambia mwanao Masanja, nataka kwenda hospitali kukatwa.

Wewe ulikuwa unapepeta mahindi. Ukaacha ungo. "Mtu mzima anakatwa koo halafu anarudi?" uliuliza. Hukuniuliza mimi, ulimuuliza Masanja. Siku zile ulikuwa bado huniiti mwanangu. Ulikuwa unaniita Mwalimu, kama watu wa barabarani. Mkwe Mpimbwe, si Msukuma kama ninyi, mtoto wa walima mpunga, hajui hata kukamua ng'ombe, na sasa anataka kukatwa koo. Sikulaumu. Hata mimi nilikuwa naogopa. Utotoni kwetu niliwahi kukatwa kimeo kwa wembe, mama yangu mzazi amenishika kichwa, na hakikusaidia kitu. Kwa hiyo nisingependa mtu adhani kwamba mambo haya ni ya Wasukuma tu. Sote tumekatana sana makoo katika mkoa huu.

Daktari kule Tabora hakunidanganya. Aliniambia mtoto akitolewa mafindofindo baada ya siku chache anacheza, lakini mtu mzima ataumia, na siku za kati zitakuwa mbaya kuliko za mwanzo. "Usiongee ovyo. Kunywa vitu vya baridi. Na umeze, mwalimu. Umeze hata kama unalia." Nikarudi kwa treni nimefunga kanga shingoni, na Masanja akanisukuma kwa baiskeli kutoka stesheni hadi kwako, mimi nimekaa kwenye keria nikihisi kila shimo la barabara masikioni. Hilo sikuwa nimeambiwa, kwamba koo likikatwa masikio ndiyo yanayopiga kelele.

Masanja alirudi kwenye trekta lake la tumbaku, tukabaki mimi na wewe, wanawake wawili tusiozoeana, mmoja hawezi kuongea.

Siku ya kwanza uliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, yale mazuri, yaliyokaa. Ilikuwa heshima kubwa na nilijua. Nikanywa funda moja, ukali wake ukaingia kwenye kidonda, nikayatema yote chini mbele yako. Uliokota kibuyu ukatoka, na mgongo wako ulisema yote: Mpimbwe huyu ametema maziwa yetu. Nililia siku ile, na si kwa sababu ya koo.

Jioni yake Masanja alipita na barafu ndani ya chupa ya chai, kaipata kwenye baa moja ya Mpanda mjini yenye friji la mafuta ya taa. Hapo ndipo ulipofoka. "Nyie mnataka kuniulia mtoto kwa baridi? Baridi ndiyo iliyomfikisha huko!" Masanja akajaribu kukueleza habari za daktari, ukamwambia daktari hana ng'ombe wa kutulipa nikifa. Lakini nililisikia lile neno, mama. Ulisema mtoto.

Kesho yake nilikuona ukichemsha maziwa mabichi, ukayapoza, ukayatia kwenye kidumu ukafunga kamba, ukaenda kukizamisha kisimani. Uliyatoa mchana yakiwa baridi kabisa. Ulinipa kikombe huku umekunja uso, kama mtu anayemnywesha mwenzake sumu kwa kulazimishwa. Hukuamini hata kidogo. Ulifanya tu.

Nami nikaweka nadhiri yangu. Kila rimu la gari lilipogongwa pale shuleni kubadilisha vipindi, na mimi nameza. Hesabu, nameza. Kiswahili, nameza. Machozi yanashuka, mate nimeyatemea kwenye kopo kutwa nzima, mdomo unanuka mpaka mimi mwenyewe najikimbia, lakini rimu likilia nachukua kikombe. Ulianza kunitazama. Baadaye rimu likigongwa wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuita, "Haya, limelia hilo!"

Kisha ikaja siku ya tochi. Maumivu yalikuwa yamezidi, ukataka kuangalia ndani. Ukamulika, ukaona utando mweupe pande zote mbili, ukaruka nyuma. "Limeoza," ulisema. Daktari alikuwa ameniambia kwamba weupe ule ndio gamba la kidonda kinachopona, ila mimi sikukueleza kwa kuwa nilikuwa nabana sauti. Kabla sijakamata mkono wako ulishatoka. Ulikwenda kwa haraka, kanga inaburuzika, na uliporudi ulikuwa na mzee fundi.

Kila mtu wa ukoo wenu alimheshimu mzee yule. Alikuwa amewakwangua makoo tangu mlipokuwa Shinyanga, kabla hamjaswaga ng'ombe kuja huku. Akakunjua kitambaa chake: kijiko kilichonolewa ukingoni, na chumvi iliyochanganywa na majivu. Wewe ukakaa nyuma yangu ukanishika kichwa kwa mikono miwili. Kwa hilo sijawahi kukukasirikia, mama. Ulikuwa unataka nipone.

"Fungua mdomo, mwanangu," mzee akasema.

Nikaufunga. Kisha nikakushika kifundo cha mkono, nikavuta pumzi, nikaitoa ile sauti niliyokuwa naitunza. Ilitoka kama mlango mbovu. "Mama, hapana. Kidonda ndiyo kinapona. Akikigusa damu haitasimama."

Mkwe hamwambii mama mkwe hapana. Mbele ya mzee, tena ndani ya nyumba yake. Nilijua ninachofanya, na nilikuwa tayari kurudishwa kwetu Mpimbwe siku ile ile, ilimradi koo langu halijakwanguliwa. Kuku waliendelea kuparua nje. Nikasikia mikono yako inalegea kichwani, kidole kimoja kimoja.

"Baba," ukamwambia mzee, "mtoto amekataa."

"Mtoto anakataa, sawa. Wewe mama yake unasemaje?"

"Nasema mtoto amekataa."

Mzee hakukasirika. Alikunja kitambaa chake taratibu. Ukatoka nje ukamkamatia jogoo, yule mwekundu, ukampa kana kwamba kazi imefanyika. Mlangoni ukamwambia, "Tutasema umemtibu. Mtu kama wewe harudishwi na mke wa kijana." Akacheka, akaondoka na jogoo wake. Uliporudi ndani ukanitazama: "Na wewe ndivyo utakavyosema. Kule kwenu sijui, ila huku mzee haaibishwi." Nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo tulilokubaliana.

Niliendelea kuogopa, nikidhani umemezea tu hasira mbele ya mgeni. Mpaka Nyamizi alipokuja kutoka Sibwesa kunipa pole. Alikuwa amekwisha kuja mara moja mwanzoni, akanisalimia, nikaitikia kwa kichwa tu nikiwa nimelala. Akaondoka akisema shule imeniharibu, kwamba mke wa mdogo wake hawezi hata kupiga goti. Safari hii aliingia na mashangazi nyuma yake, akasimama katikati ya chumba, akangoja salamu. Nilianza kujizoazoa kutoka kwenye mkeka. Ukanikandamiza bega nikakaa.

Kisha wewe, mama yake mzazi, ukashuka kwenye kigoda chako ukapiga magoti mbele ya binti yako. "Mwangaluka, wifi," ukasema.

Nyamizi akapiga yowe. "Mama! Inuka! Unanitakia laana?"

"Si mimi. Ni wifi yako anakusalimia. Koo lake bado, kwa hiyo nimempa langu. Itikia basi, magoti yananiuma."

Aliitikia huku analia, na mashangazi wakashika vinywa. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja uliniuliza kwa macho kama ni wa kupigiwa goti, nami nikijibu ndiyo, unashuka. Kwa wakubwa, kwa wadogo zako, hata kwa wake wa vijana waliokuzidi kwa cheo cha ukoo tu, si kwa umri. Walipokuuliza nimeponaje ukawaambia, "Fundi alikuja." Hukuongeza neno. Hukusema uongo hasa, ila uliuacha ulale hapo hapo, nao wakaubeba wakaenda nao.

Nilipona. Nilikonda mpaka magauni yakawa ya mtu mwingine, kisha siku moja nikala ugali, tonge dogo kwa mlenda, ukasimama juu yangu ukihesabu kila linalopita. Nikarudi darasani na sauti nzito kidogo kuliko ile ya zamani. Watoto wakacheka, wakazoea. Stoo ya chaki sijaingia tena isipokuwa kuchukua chaki. Na wewe ukaanza kuniita mwanangu, bila sherehe yoyote, siku moja tu uliponituma chumvi.

Sasa turudi kwa Kabula. Nimemweleza mwanao yote haya, kwa mara ya kwanza. Masanja akasema, "Usimfanye mama mwongo, na hawezi kujitetea." Ameniuma. Nimekwenda shuleni nimefundisha, nimerudi nimepika, na maneno yake nimetembea nayo. Najua watakachosema Sibwesa. Watasema Mpimbwe alingoja wazee wafe ndipo aseme. Watasema namdharau fundi wao kwa kuwa nina cheti. Nyamizi anaweza kunifukuza uani kwake, na ana haki ya kukasirika, maana miaka yote hii ameamini jambo aliloambiwa na mama yake.

Lakini nimekufikiria, mama, na sikumkumbuka yule aliyesema tumfichie mzee aibu. Nimemkumbuka aliyelegeza vidole kichwani kwangu. Ulikuwa umeshika kichwa cha mtu, una hofu, una mila yako yote nyuma yako, fundi amekunjua kitambaa, na ukaachia kwa sababu mgonjwa mwenyewe amesema hapana. Kabula ni mtoto wa miaka tisa. Hatasema hapana, na akisema hatasikilizwa. Jogoo ulimtoa ili mzee asiaibike. Hukumtoa ili mjukuu wako akwanguliwe.

Kwa hiyo nakwenda. Sitamtukana fundi, yule wa zamani wala huyu wa sasa. Nitapiga magoti mbele ya Nyamizi, nitamsalimia inavyopasa kwa sauti yangu mwenyewe, halafu nitamwambia ukweli wote, pamoja na jogoo. Nitamwomba mtoto nimpeleke Mpanda, daktari amwone, aamue yeye kama ni dawa au kukata. Akikataa nitaomba tena. Nitalala uani kwake mpaka Jumamosi ikibidi, nikae mlangoni fundi akija, nimwambie na yeye. Na wakiamua kuninyamazisha, mama, watanikuta nimeshamaliza kusema.

Pumzika. Kama nimekosea, nitakuja kukuomba radhi mwenyewe siku zangu zikifika, na siku hiyo ni zamu yangu kushuka.

Mkweo uliyemwita mwanangu,
mke wa Masanja