Nywele za Jenoveva Zimeota

Sista Verediana,

Zimeota. Naanza na hilo, maana najua ungekatisha salamu zangu uulize mgonjwa anaendeleaje.

Jenoveva hukumfahamu. Ni binti wa familia moja iliyotoka Burundi ikapata uraia, wanalima huku Makere, naye ndiye anayesaga unga kwenye mashine ya baba yake. Siku ya ajali alikuwa amesuka rasta ndefu. Akainama kuvuta gunia, mkanda wa mashine ukazinyakua.

Walimleta zahanati kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama yake, kanga imelowa damu. Nilipoifungua, ngozi ya kichwa ilikuwa imechunika kuanzia juu ya paji hadi kisogoni, inaning'inia upande wa kulia na nywele zake zote.

Nilikuwa peke yangu, Sista. Mjomba wake akanishauri kwa upole nikikate tu hicho kipande, kimeshakufa, ili kidonda kikauke. Hakuwa na ubaya. Hata mimi kwa macho nilikiona kimekufa.

Ndipo nikakumbuka Kibondo, wiki yangu ya kwanza kazini, yule kijana wa Busunzu aliyeanguka na baiskeli. Damu ilimfunika uso, nikaanza kulia mimi badala yake. Ulichukua vidole vyangu ukaviweka mbele ya sikio lako mwenyewe, mpaka nikasikia mshipa unadunda. Ukasema, "Kichwa kina mishipa mingi. Ndiyo maana kinavuja hivi, na ndiyo maana kinapona. Nywele zinaishi kwa damu hii. Usiikatie njia."

Basi nikagusa mbele ya sikio la kulia la Jenoveva. Mshipa ulikuwa unadunda, na upande huohuo ndiko ngozi ilikobaki imeshika. Nikapangusa ukingo wake taratibu. Damu mbichi ikachuruzika. Kilichokufa hakitoi damu.

Nikamwambia mjomba, "Hii iko hai. Haikatwi."

Nikaiosha kwa maji ya dripu, nikairudisha mahali pake, nikafunga bandeji, nikamchoma sindano ya pepopunda. Gari la wagonjwa lilipofika nilipanda naye, viganja vyangu vimekandamiza kichwa chake mpaka Kasulu. Daktari, mtu wa Tanga aliyepangiwa huku, alimnyoa akamshona kwa saa nyingi. Alipotoka aliniuliza nani alinifundisha kutoikata. Nikataja jina lako. Ikabidi niongeze neno marehemu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Kila nilipobadilisha bandeji, mama yake aligeukia ukutani. Kipande kidogo karibu na paji kilikosa damu, kikawa cheusi, kikabanduka. Hapo pamebaki kipara cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Lakini kwingine kote, Sista! Kwanza vinyweleo, halafu nywele.

Jumapili iliyopita walikuja kwangu baada ya misa. Jenoveva akavua kilemba pale sebuleni. Nywele nyeusi, nzito, zimesimama. Nilizamisha vidole nikashindwa kuvitoa. Mama yake alikuwa akirudia tu kwa Kirundi, "Urakoze cane," ananishukuru huku machozi yanamtoka. Mashine wameshaikinga mkanda kwa bati, na binti amerudi kusaga, kichwa amekifunga vizuri.

Alitaka nimsuke. Nikamuuliza mtindo gani, akasema twende kilioni. Tulicheka wote watatu. Nikamsuka kwa mkono mlegevu, bila kuvuta, na kwa kuwa ni mtindo wa msibani, nikakulilia kidogo humohumo kwenye kicheko. Nadhani hukukasirika.

Likizo yangu ikifika nitakuja kwenu Muleba, ulikolazwa, na Jenoveva amesema lazima aje. Tutakaa na mama yako, Jenoveva atamvulia kilemba aone nywele, nami nitamsimulia kazi ya mwanawe jinsi inavyoendelea kutembea huku Makere.

Pumzika, Sista wangu. Zamu nimeipokea.

Muuguzi wako,
Skolastika